Daraja la kamba na mbao: jinsi ya kulipiga picha ukiwa safarini mbali

Ukitoka Nairobi na kamera uende Murang'a kwa yale mabonde ya Mathioya na Maragua, ama usonge mpaka Tharaka, ama uteremke Kerio, utalipata tu hata kama hukulifuata: daraja la miguu, waya za chuma zimefungwa kwa mti huku na kwa mti mwingine ng'ambo, mbao zingine ziko na zingine zilienda na mafuriko, na huko chini mto unakimbia. Kila mgeni akifika hapo mkono unaenda kwa simu. Shida ni kwamba picha nyingi zinatoka zikifanana, mtu yuko katikati ameshika waya anacheka, ama mbao zinaenda mbele mpaka zinapotea, basi. Ukiiangalia hiyo picha hujui ni mto gani, hujui ni juu kiasi gani, hujui nani hupita hapo kila siku na anabeba nini. Mimi nasema hivi: picha kali ya daraja lililochoka hupigwa ukiwa umesimama kando, kwa ardhi ngumu, na ukiwa umengoja. Hayo mengine yote nitakayoandika hapa yanatoka kwa hilo neno moja, kungoja.

Ukifika, weka begi chini na ukae kwanza kama dakika ishirini bila kutoa kamera. Angalia watu wanavuka aje. Wenyeji wanalijua hilo daraja kwa miguu yao, utaona wanakanyaga pembeni pale ubao umelalia waya na sio katikati pale unapinda, utaona kuna mahali kila mtu anaruka hatua moja bila hata kuangalia chini juu anajua huo ubao umeoza, na utaona kama wanaingia mmoja mmoja ama wanafuatana. Mama akitokea ng'ambo na mzigo wa majani ya ng'ombe mgongoni, wale wa upande huu wanamngoja amalize, hakuna mtu amesema kitu. Hizo dakika ishirini zinakupa vitu viwili kwa pamoja: unajua kama daraja liko sawa, na unajua picha yako itatokea wapi, kwa sababu mahali watu wanaruka ndio mahali pa kuelekeza lenzi.

Halafu uliza. Usiulize "ni salama?" kwa sababu mtu anayevuka kila siku atakuambia ndio, kwake hakuna njia nyingine. Uliza vitu vya kujibika. Mzee habari yako, hili daraja lilifungwa upya lini? Bodaboda hupita hapa? Mvua ikinyesha huko juu maji hufika wapi? Atakuonyesha kwa mkono, atakuambia mwaka jana maji yalifika pale kwa ile mizizi, na sasa uko na habari ambayo hutaipata kwa ramani yoyote.

Tembea pia mpaka pale waya zimefungwa, hapo watu hupapita mbio na ndio penye hadithi. Mara nyingi waya imezungushwa kwa shina la mti, na kama imekaa miaka, gome la mti limeanza kuifunika, unaona waya inaingia ndani ya mti na kutokea upande wa pili, na kando yake kuna waya mpya inayong'aa, mtu aliongeza juzi, na vipande vya tairi vimekatwa vikawekwa katikati ili waya isikate mti. Piga hiyo, karibu kabisa, jua likiwa la ubavuni ili nyuzi za waya zionekane moja moja. Picha moja ya hicho kifundo inaeleza hali ya daraja kuliko picha kumi za mtu amesimama juu yake. Na pia ni ukaguzi wako: ukiona nyuzi zimekatika na kujikunja nje kwa kutu, ama udongo chini ya mti umeliwa na mto, hilo daraja lipige kutoka kando tu na usilipande.

Kuhusu kupanda niseme wazi. Madaraja ya kuning'inia hayapendi umati wala hatua za pamoja. Mwaka wa 1831 huko Uingereza daraja la Broughton lilivunjika wanajeshi wakilivuka kwa mwendo wa gwaride, na mwaka wa 2000 daraja jipya la miguu pale London, Millennium Bridge, lilianza kuyumba kwa watu kulitembea tu, likafungwa siku mbili baada ya kufunguliwa na halikufunguliwa tena mpaka 2002. Hilo lilikuwa jipya, la chuma, limepigiwa hesabu na mainjinia. Na tarehe 30 Oktoba 2022 kule Morbi, India, daraja la kuning'inia lililokuwa limefunguliwa siku chache tu baada ya ukarabati lilikatika likiwa limejaa watu waliokuja kulitembelea sikukuu, wakafa zaidi ya watu 130. Kwa hivyo kama mmekuja kikundi, ile picha ya nyinyi wote katikati mkiruka muiache kabisa. Na usimwambie mtu mwingine alitikise ndio lionekane linayumba.

Sasa, mahali pa kusimama. Mimi huanza na kando ya mto, chini ama juu ya daraja kwa mkondo, mbali kiasi cha kulipata daraja lote na maji kwa fremu moja. Hapo ndio unaonyesha vile limebonyea katikati, na ndio mahali pekee mtu anaona urefu wa kuanguka. Ukiwa na simu tumia kamera ya kawaida, usiende kwa ile pana ya 0.5, juu hiyo inasukuma kila kitu mbali, mto unakuwa mfereji na daraja linakuwa uzi. Weka mtu mmoja kwa daraja, mmoja tu, awe theluthi ya njia hivi, na macho ya mtazamaji yanapima yenyewe.

Baada ya hapo nenda mwanzo wa daraja, lakini usiingie, ujiinamishe mpaka kamera iwe sawa na ubao wa kwanza. Hapa una chaguo mbili na zinatoa picha tofauti kabisa. Lenzi pana kama 24mm inafanya ubao wa kwanza uwe mkubwa, unaona misumari, unaona matope ya viatu, na daraja linakimbia kwenda ng'ambo. Lenzi ndefu, 200mm hivi, inabana umbali, mbao zinarundikana na yale mawimbi ya daraja, kupanda na kushuka na kulala upande, yanaonekana waziwazi, na mtu anayekuja anaonekana anatokea kama kutoka ndani ya mbao. Kama uko na nafasi ya kubeba lenzi moja tu kwa hii kazi, beba ndefu. Wengi watakuambia pana. Lakini ndefu inakuweka mbali na watu na mbali na maji, na picha zake ndio unaona mtu akifikiria hatua yake.

Ya tatu ni kutoka chini, kama kuna mchanga mkavu ama jiwe kubwa la kukaa na maji yako chini. Hapo mbao zinakuwa nyeusi na nafasi za mbao zilizopotea zinakuwa anga nyeupe, na nyayo za anayepita unaziona. Lakini hapa ndio watu huumia kwa mto. Maji ya magoti yakiwa na kasi yanatosha kumwangusha mtu mzima, na mto unaweza kujaa hapo ulipo jua linawaka kwa sababu mvua imenyesha Aberdare ama Mlima Kenya. Ukiona maji yamebadilika rangi ghafla, ama vijiti na majani vimeanza kuja vingi, toka hapo saa hiyo hiyo, tripodi utairudia baadaye ikiwa itakuwepo. Ukiwa Tana chini ya yale mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, uliza pia kama Masinga imejaa na inamwaga. Na Tana iko na mamba na viboko, hiyo sio hadithi ya kutisha watoto, mkiambiwa na wavuvi hapa hatushuki, hamshuki. Kiboko hutoka majini jioni kwenda kula nyasi, na njia yake ya kwenda mtoni ndio hiyo hiyo umekaa na kamera ukingoja mwanga mzuri.

Mwanga. Sisi tuko karibu na ikweta kwa hivyo yale mafundisho ya Ulaya ya kungoja jua la jioni masaa mawili hayatusaidii, hapa jua linaanguka moja kwa moja na giza liko. Nairobi linachomoza mwaka mzima kati ya saa kumi na mbili na robo hivi na saa moja kasorobo, na mbele na nyuma ya hapo uko na dakika chache tu. Halafu daraja liko ndani ya bonde, na bonde la Murang'a lina kuta, jua linaweza kuwa limewaka huko juu kwa majani chai na mtoni bado ni kivuli mpaka saa mbili ama saa tatu. Hicho kivuli ni kizuri, kitumie, uso wa mtu hauna makunyanzi ya jua na maji hayang'ai ovyo. Kaza tu kutoingiza anga kwa fremu, juu ukiingiza anga jeupe juu ya bonde la kivuli, kamera itachagua kimoja na itachagua vibaya. Mwezi wa saba, ile baridi ya mawingu ya kati ya nchi inayofanya watu wa Nairobi walalamike, ndio wakati mzuri kabisa wa kazi hii, siku nzima mwanga ni laini na mito mingi haijavimba.

Saa sita watu husema usipige. Kuna kitu kimoja kinataka hiyo saa sita. Jua likiwa utosini, hasa karibu na mwezi wa tatu na wa tisa, kivuli cha daraja kinaanguka chini yake kabisa, na kama mto una tope, yale maji mekundu ya udongo, kivuli kinalala juu ya maji wazi kabisa, unaona mbao zote na mapengo yote na mtu anayepita amechorwa chini kwa mto. Kwa maji maangavu hakionekani vizuri, kinapotelea mpaka kwa mawe. Panda juu ya ukingo upige ukiangalia chini, uweke kivuli na daraja pamoja.

Nyuso ni jambo linaniuma. Naona picha nyingi za madaraja yetu ambapo waya umeonekana, maji yameonekana, na mtu amekuwa doa jeusi, hana uso. Kamera inapima mwanga wa maji yanayong'aa inadhani kila kitu ni cheupe, inapunguza, na ngozi yetu inaenda giza. Kwa simu, gusa uso wa mtu kwa skrini halafu uvute ile alama ya jua juu kidogo. Kwa kamera tumia ile setingi ya kuongeza mwangaza, +2/3 ama +1, ama upime mwanga kwa uso wenyewe, na kama maji nyuma yatapauka kidogo wacha yapauke. Kama hutaki hivyo, badilisha upande, songa mpaka nyuma ya mtu kuwe na majani ya ukingo badala ya maji, na tatizo linaisha lenyewe. Mtu amefanya hiyo safari asubuhi na jioni miaka yote, si sawa picha ikumbuke waya isimkumbuke yeye.

Setingi zingine nitazipitia haraka. Mtu anayetembea kwa daraja anasonga na daraja pia linasonga, kwa hivyo shata, yaani muda kamera inafunguka kuingiza mwanga, isiwe polepole kuliko 1/250 ya sekunde, na kama linayumba weka 1/500 na upandishe ISO, ile setingi ya kamera kushika mwanga zaidi, bila kuogopa, chembechembe kwa picha ni afadhali kuliko mtu aliyefifia. Tundu la lenzi f/8 linatosha kwa mengi. Fokasi weka kwa mtu na uchague wewe pointi, usiachie kamera, juu ikiona mapengo ya mbao inaruka inashika maji. Ukitaka maji yawe laini kama maziwa, hiyo ni nusu sekunde ama sekunde nzima, tripodi kwa ardhi na sio kwa daraja, kwa daraja kila hatua ya mtu inaingia kwa picha. Filta ya polaraiza inaondoa mng'ao kwa mbao zenye maji na kwa mto, lakini inakula mwanga, ndani ya bonde asubuhi iache kwa begi.

Droni: Kenya lazima iwe imesajiliwa na uwe na ruhusa ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kulingana na kanuni za 2020, kwa hivyo maliza hiyo mambo ukiwa Nairobi kabla hujatoka. Na hata ukiwa na karatasi zote, usiipeleke karibu na mtu aliye katikati ya daraja. Akishtuka akaangalia juu, mguu uko wapi?

Sasa watu. Hili daraja ni barabara yao, wewe ndio umesimama barabarani. Usiwafungie mlango wa daraja na tripodi. Usimwambie mtu asimame katikati ndio umpige, wala asivuke tena kwa sababu hukupata vizuri, wala usimlipe mtu avuke wakati mto umejaa. Subiri anayevuka kwa sababu anavuka. Msalimie upande huu kabla hajaingia, mweleze, mama nitakupiga picha ukipita kama ni sawa, halafu nyamaza mpaka amalize, usimwite akiwa juu. Akikataa, piga daraja tupu, ama mgongo wake akiwa ameshafika mbali kama amekubali hivyo. Watoto wa shule ndio picha kila mtu anataka, asubuhi na mapema wanapita wameshika viatu mkononi, na mtoto ataitikia chochote ukimuuliza, kwa hivyo muulize mzazi ama mwalimu, na jina la shule usiliweke pamoja na uso wake. Tuko na sheria ya kulinda data tangu 2019, lakini hata bila sheria ni mtoto wa mtu. Kama kuna chifu ama mzee wa kijiji karibu, pitia kwake, inachukua muda wa chai moja na baadaye hakuna mtu atakusumbua.

Na piga kazi ya mikono. Kule Peru kuna daraja la Q'eswachaka juu ya mto Apurímac linalosukwa kwa nyasi, jamii za hapo hulisuka upya kila mwaka mwezi wa sita, UNESCO iliingiza huo ufundi kwa orodha yake 2013, na mwaka wa 2021 lilianguka baada ya korona kuzuia kulisuka. Huku kwetu hakuna sherehe kubwa hivyo, lakini yuko mtu, kila daraja liko na huyo mtu, mwenye koleo na kipande cha waya ambaye ubao ukivunjika ndiye huenda kuufunga. Uliza ni nani. Ukimpata akubali, piga mikono yake akizungusha waya, piga koleo, piga mbao mpya imeegemea mti ikingoja. Kwangu hiyo ndio picha ya kwanza kuweka kwa albamu, kabla ya daraja lenyewe.

Kama umekagua, umeuliza, na bado lazima uvuke kwa sababu safari yako inaenda ng'ambo, kamera iingie kwa begi na zipu ifungwe. Fungua ile kilipu ya kifua ya begi, ukianguka uweze kuitoa. Mikono yote miwili kwa waya. Ingia peke yako, kanyaga pale ulipoona wanakanyaga, hatua fupi zisizo na mdundo mmoja, macho yawe kwa mbao mbili tatu mbele na sio kwa maji, kwa sababu maji yanayosonga yanafanya kichwa kihisi daraja ndio linaenda. Ukifika ng'ambo geuka sasa, toa kamera. Upande wa pili una mwanga tofauti na mara nyingi ndio mzuri zaidi, na wenzako wanaokuja mmoja mmoja utawapata uso kwa uso.

Usiku huo kabla batri ya simu haijaisha, andika kwa kila folda jina la mto, kijiji kilicho karibu, tarehe, na ukingo gani ulisimama, wa kulia ama wa kushoto ukiangalia maji yanakoenda. Miezi miwili baadaye mabonde yote yatafanana. Zile picha za waya iliyokatika na mbao zilizopotea zitoe kando, zipeleke ama uzitume kwa ofisi ya wodi pamoja na mahali penyewe, zina kazi huko kuliko kwa simu yako. Na ukirudi Nairobi chapisha chache kwa karatasi, yule mama wa majani, yule fundi wa koleo, uzitie bahasha, uandike jina na kituo cha kushukia, umpe dereva wa matatu ya huko na umpigie simu fundi umwambie gari linafika saa ngapi.